Mkono wa Kijuma

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa hapa kwetu Langoni, Lamu, alinitumia picha kwenye WhatsApp, saa tano ya usiku, chini yake kaandika "Fundi hebu niangalizie, hii hirizi ni ya nini?" Picha yenyewe imezungushwa kwenye magrupu mpaka imefifia, na juu yake mtu keshabandika maandishi mekundu ati hii ni hirizi kongwe ya Lamu ya kufunga midomo ya mahasidi, itume kwa watu kumi kabla ya alfajiri. Nikavaa miwani. Nikaivuta picha ikawa kubwa. Mstari wa kwanza tu nikaanza kucheka peke yangu mpaka mke wangu akaamka kuuliza kuna nini, manake ile haikuwa hirizi wala nini, zilikuwa beti za utendi, zimepangwa vipande vinne vinne kama mikeka msikitini, na mkono ulioziandika naujua kama ninavyoujua mwendo wa babangu akija ndiani.

Ule ni mkono wa Muhamadi Kijuma.

Na hapo ndo nikaacha kucheka, kwa sababu huyu kijana kazaliwa mji uleule aliozaliwa Kijuma, kila siku anapita mbele ya milango ya nakshi akienda utukuni, na siku anaonyeshwa kazi ya mtu wa kwao anadhani ni uchawi. Kwa hivyo badala ya kumjibu yeye peke yake nimeamua kuandika hapa, itakuwa ndefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi wa nakshi. Milango, masanduku, viti, siku hizi fremu za vioo zaidi kuliko milango kwa sababu mtalii hawezi kupanda ndege na mlango. Pembeni ya hiyo kwa miaka kama 17 nimekuwa nikisoma, na kufundisha watu wachache wanaotaka, hati za Kiswahili cha zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watu wanaziona hizo kazi mbili kama ndugu wa mama mbalimbali. Hata mimi mwanzo niliziona hivyo. Kijuma ndiye aliyenigeuza, na ndiyo maana nikianza kumzungumzia siachi.

Kwa asiyemjua: Muhamadi bin Abubakari Kijuma, na ukiona mahali wameandika Kijumwa ni yeye yule, alizaliwa Amu, yaani Lamu hii yetu, kadiri ya mwaka 1855 na akafariki 1945. Karibu miaka 90. Hebu piga hesabu ya aliyoyaona. Anazaliwa Seyyid Said wa Unguja bado yu hai, mji wa Amu uko chini ya bendera yake. Wajerumani wanakuja Witu 1885, wanafungua hadi posta hapa mjini 1888, wanaondoka. Waingereza wanachukua. Reli inajengwa, lakini inaanzia Mombasa, na biashara ikaifuata huko, Amu ikabaki na majumba yake ya mawe na fahari yake. Mwaka 1907 utumwa unafutwa kisheria pwani hii na mashamba yaliyokuwa yakiwalisha wangwana yanaanza kurudi mwitu. Anakufa mzee wa watu vita vya pili vya dunia vinaisha. Na muda wote huo yeye yupo, anafanya nini? Anatunga mashairi, ananakili tenzi, anachonga mbao, anapiga kibangala, kile chombo cha nyuzi, anatunga nyimbo za ngoma, anacheza hizo ngoma zenyewe.

Ukizitaja hivyo kwa mfululizo mtu anadhani unamsifu marehemu kama wanavyosifiwa watu matangani, ambapo hata alokuwa hajui kuogelea siku hiyo anakuwa nahodha. Lakini kwa Kijuma ushahidi upo. Mwaka 1983 Abou Egl alimwandikia tasnifu nzima ya udaktari pale London, na 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa kitabu kizima chenye maandishi yake. Hati za mkono wake ziko chuo cha SOAS London na nyingine Ujerumani, na zile za London nyingi zimeshapigwa picha zikawekwa mtandaoni, mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzifungua. Ndo huko nadhani huyo mzushi wa hirizi alikoitoa picha yake, akakata pembeni, akaweka maandishi mekundu.

Nikisema alikuwa mtu wa ajabu sisemi kwa kumdharau. Jioneeni wenyewe. Mji wenyewe ni mdogo, mtu ukipiga chafya Mkomani Langoni wanakuombea. Mkono uliokuwa ukinakili tenzi za mauti na kaburi, zile za kumkumbusha mtu kwamba kesho yuko chini ya udongo, ndio mkono uliokuwa ukipiga kibangala, na kinywa kilichokuwa kikizisoma ndicho kilichokuwa kikitunga nyimbo za ngoma. Na ngoma za Amu wakati ule hazikuwa mchezo wa watoto. Mitaa miwili, Mkomani na Langoni, inashindana, kila upande una washairi wake, unatungiwa fumbo usiku wa leo na kabla ya ngoma nyingine uwe umelifumbua na umerudisha lako, na usiporudisha basi mtaa mzima unatembea umeinamisha kichwa. Sasa huyu alikuwa kwenye vyote viwili. Na ukumbuke ni miaka ileile ambayo Habib Saleh alokuja kutoka Ngazija alikuwa akiusimamisha msikiti wa Riyadha, na matari yakaanza kulia kwenye maulidi, wako waliofurahi na wako walioguna sana. Mabishano ya muziki na dini yalikuwa mabichi kabisa humu vichochoroni. Kijuma hakukaa kando akangoja waamue.

Mimi lakini ya ngoma nitayarudia. Nataka kwanza niwaonyeshe mkono.

Chukua ukurasa mmoja wa utendi alioandika. Utendi kama mnavyojua ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kina kina chake ambacho kinatembea kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwenye hati ubeti mzima unalala mstari mmoja, vipande vinne ubavu kwa ubavu, baina yao kuna alama ya kutenga. Sasa mtihani wa mwandishi uko hapo: mizani ni nane kila kipande lakini herufi si sawa, kipande kimoja kina maneno yenye herufi chache na jirani yake amejaa. Ukiandika tu unavyotaka, baada ya mistari mitano ukurasa wako umepinda kama jino la papa. Inabidi ile herufi uivute, au uibane, ili kila kipande kijaze chumba chake.

Na sisi mafundi tunaijua hiyo ndwele. Unapochonga mwimo wa mlango una ua lako linalojirudia, na una urefu wa mbao ambao haukupimwa kwa ajili ya ua lako. Fundi mchanga anaanza chini anapanda, anapanda, akifika juu kwenye kizingiti amebakiwa na nusu ua. Tumeiona hiyo milango, ipo, sitaji ya nani. Fundi aliyekomaa anaanzia katikati, anahesabu, pengine analivuta jani moja kidogo, analibana jingine, na mtazamaji hajui kitu anaona tu kwamba mlango umetulia.

Kijuma anaandika hivyo. Angalia ile herufi ya be anapoivuta ili kujaza nafasi: haiendi kama imepigwa rula. Inaingia nzito, inazama kidogo katikati kama jahazi lililoshiba mzigo, halafu inainuka inakonda mpaka inatoweka. Kalamu ya tete ukiikata mshazari inakupa unene na wembamba bila kubonyeza, unageuza tu mkono. Patasi nayo ni vivyo hivyo, inaingia kwa kina inatoka kwa wepesi, na kovu inaloacha kwenye mbao ni umbo lilelile la be ya Kijuma. Siku nilipoliona hilo nilikuwa na laptopu ya kuazima juu ya benchi ya kazi, vumbi la mbao juu ya skrini, na kando yake kipande cha msaji nilichokuwa nimekianza asubuhi, nikawa natazama huku, natazama huku. Nikazima mashine ya kupigia msasa nikakaa chini. Nilikuwa nimetafuta miaka nijue alijifunza wapi mkono ule na kumbe jibu lilikuwa mapajani mwangu.

Labda mtasema fundi anaona patasi kila mahali. Inawezekana. Lakini nenda kaangalie mwenyewe, kisha tafuta mwandishi mwingine wa zama zile ambaye alikuwa mwanazuoni tu, uone vile mstari wake ulivyo msafi na mkavu.

Na kibangala nacho tusikisahau. Kile chombo huchongwa kwenye gogo moja, tumbo na shingo pamoja, kisha tumbo likawambwa ngozi. Yaani hata muziki wake ulianzia kwenye mbao.

Sasa niwaeleze kwa nini kuzisoma hizi hati ni kazi, manake nimeona watu wanasema ukijua Kurani unajua kusoma hati ya Kiswahili. Utazitamka herufi, ndio. Herufi za Kiarabu zilipokuja kuvaa Kiswahili nguo ilibana kwapani. Hakuna p, kwa hivyo mara nyingi inaandikwa be. Ile n au m inayotangulia konsonanti kama kwenye nd au mb mara nyingi inadondoka tu. Irabu zetu ni tano, alama ziko tatu, a ina fataha yake, i na e zinagawana kasra, u na o zinagawana dhuma. Matokeo yake neno lililoandikwa sawasawa kabisa laweza kuwa kuku, laweza kuwa koko, laweza kuwa kuko. Ukiona b-d yenye fataha mbili ni panda, au banda, au pada, kazi kwako. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, alijaribu kuongeza alama ili haya matatizo yaishe, na wengine wakaja baada yake, lakini hati nyingi za zamani zinakuachia wewe msomaji umalizie. Kinachokuokoa ni kina na mizani. Kama vipande viwili vimekwisha kwa nda basi na hicho cha tatu ni nda, huna hiyari. Ndiyo maana nasema mtu asiyekuwa na sikio la ngoma hizi hati zinamtesa, zinataka mtu anayejua wimbo utaanguka wapi kabla haujaanguka.

Mimi zimenitesa. Kuna mteja aliniletea karatasi ya babu yake, haikuwa ya Kijuma, ni mzee tu wa nyumbani kwao aliyekuwa akijiandikia, akataka mstari mmoja uchongwe juu ya mlango kwa herufi za kizungu ili wajukuu waweze kusoma. Nikasoma, kulikuwa na neno k-b-w. Nikafikiri, hapa ni mlangoni, mlango una mabawa mawili, basi huyu mzee anasema kibawa, kazi nzuri, hata nikajisifu. Nikachonga KIBAWA. Herufi kubwa, safi, siku nne za kazi, na kwa ujanja wangu nikaongeza na bawa dogo la ndege kila upande. Siku ya kuusimamisha mlango akatolewa bibi wa nyumba aje aone. Bibi hasomi herufi za kizungu, akaomba asomewe. Nikamsomea. Akanyamaza, akanishika mkono, akaniambia "Mwanangu, hiyo ni kipawa. Alikuwa akisema ni kipawa alopawa na Mngu. Mato yako yaangalia mbao tu." Watu wote ukumbini kimya. Nikaubeba ule ubao nikarudi nao karakana, upo mpaka leo ukutani juu ya benchi, wanafunzi wangu wakianza kujua sana nawaonyesha kwa kidole sisemi neno.

Basi turudi kwa ngoma, na Liyongo.

Mwaka 1913 Kijuma aliandika utendi wa Fumo Liyongo, na aliyetaka auandike ni Alice Werner, Mwingereza aliyekuwa amekuja pwani kutafuta masimulizi. Hadithi yenyewe si yake, ni ya zamani sana, Steere alishaichapisha kwa nathari 1870 kutoka kwa watu wa Unguja. Kila mtoto wa pwani anajua habari ya yule jitu la Ozi, mshairi na mpiga mishale, mfalme wa Pate anamwogopa anamtia gerezani, mjakazi Saada anampelekea chakula na walinzi wanakula kizuri wanamwachia wishwa, yaani makapi ya nafaka, naye Liyongo anamwimbia Saada ujumbe wa mafumbo ampelekee mamake Liyongo: mkate wa wishwa, ndani yake tupa. Walinzi wanauona mkate mbaya wanaupitisha. Halafu siku ya kukatwa minyororo anaomba mjini kupigwe ngoma ya gungu, vyombo vije vyote, yeye anatoa wimbo ndani huko nje wanaitikia, na ngoma ikipamba moto anakata chuma na hakuna anayesikia.

Wengi wakiusoma wanapapenda mwisho, pale kwenye sindano ya shaba na kitovu na mwanawe mwenyewe anamchoma, na maiti inapiga goti kisimani na upinde mkononi na watu wanaona kiu kwa kuiogopa. Kweli pazito pale. Lakini mimi napenda gungu. Kwa sababu aliyeliandika alikuwa mchezaji. Mtu ambaye hajawahi kusimama ngomani angedhani kelele ya ngoma ni moja tu mwanzo mwisho. Si hivyo. Mwimbaji anapotoa shairi peke yake kuna mwanya, sindano ikianguka unaisikia. Waitikiaji wakipokea, matoazi yakaingia, hapo mtu akikuita jina sikioni husikii. Tupa inakata hapo tu. Liyongo kwa hivyo anakata, ananyamaza, anaimba, anakata, na wale wa nje ndio wanaomfungua bila kujua, kwa kuitikia kwao. Mimi nikiusoma kwa sauti naona aliyeupanga anajua hayo mwilini, si kichwani. Na jitu lenyewe, ukilitazama vizuri, ni mshairi anayeokolewa na fumbo, wimbo na ngoma. Mtunzi wa Amu aliyeishi kwa fumbo, wimbo na ngoma ndiye aliyeandika. Sidhani aliandika kwa bahati mbaya.

Sasa kuna jambo la Wazungu, na hapa najua nitatukanwa na pande zote mbili, ruksa.

Werner wa kwanza, tumeshamtaja. Baadaye miaka ya 1930 akaja William Hichens, ambaye Kijuma alimnakilia kazi nyingi, na Hichens ndiye aliyetoa ule utungo wa Al-Inkishafi London mwaka 1939. Ernst Dammann Mjerumani alifika Amu 1936, Kijuma ana miaka kama 80, wakafanya kazi pamoja, na kitabu cha Dammann cha tungo za lahaja ya Kiamu kikatoka 1940. Yaani mzee anakaa na kalamu yake, anaandika, zinafungwa, zinapanda meli. Kuna wanaosema aliuza turathi. Nimeyasikia barazani, tena kwa watu ninaowaheshimu. Mimi najibu hivi: mwenye hati za babu yake nyumbani anyooshe mkono. Wengi wetu tunachonyoosha ni unga wa mchwa. Hewa ya chumvi inakula msumari sembuse karatasi, na mvua ya mwezi wa tano ikivuja kwenye dari la boriti haikuulizi chini yake kuna nini. Alizoziandika yeye zipo, na siku hizi nazisoma kwenye simu nikisubiri boti ya Mokowe.

Lakini, na hili ndilo wapenzi wake hawapendi kulisikia, Kijuma hakuwa mashine ya fotokopi. Alikuwa mshairi anayenakili washairi. Mshairi akikuta mizani imepungua mkono unamwasha. Akikuta neno la Kipate ambalo yeye Mu-Amu ana la kwake tamu zaidi, mkono unamwasha. Kwa hivyo mnaposoma kitabu kimeandikwa ushairi wa kale wa Amu, na hati yake imetoka kwake, mkumbuke mnaukuta umepitia sikio la mtu mmoja ambaye alikuwa na maoni yake. Kama mlango wa zamani uliokarabatiwa na fundi hodari. Ni mlango ule, na si mlango ule. Mimi kama fundi simlaumu, lakini kama msomaji wa hati nikikaa na kazi yake naweka jicho moja wazi.

Na mimi naona huko kulipwa kwenyewe ndo kulikomlisha akaendelea. Huyu alikuwa anaishi kwa mikono. Milango haiagizwi kila mwezi, mji umefilisika, wakubwa waliokuwa wakilipia ngoma mashamba yamewafia. Anatokea mtu ana shilingi na anataka utendi. Ungefanyaje? Hata mimi mwezi uliopita nimechonga jina la hoteli kwenye kibao chenye umbo la pomboo. Pomboo! Nikatia nakshi ya mnyororo pembezoni walau nilale usingizi.

Kuna ambalo linaniuma zaidi kuliko hati kwenda London. Tumemgawa. Wasomi wa fasihi wana Kijuma wao mshairi, watu wa hati wana katibu wao, wapenzi wa tarabu wana mpiga kibangala wao, mafundi nao tuna fundi wetu, na kila mmoja anamtaja kana kwamba zile nyingine zilikuwa shughuli za wikendi. Wanafunzi wangu wa nakshi nikiwaambia leo tunasoma ubeti wananiangalia kama nimewaambia wakatie punda kucha. Mmoja aliniuliza kabisa, "Fundi, beti zinauzwa wapi?" Nikamwambia hebu chonga hili ua huku unaimba. Akacheka, akaimba kitu cha redioni, na kazi yake ile siku ilikuwa imepangika kuliko siku zote, sikumwambia.

Mkiwa na nafasi fanyeni hivi. Anzieni Gereza, ile ngome ya zamani, tembeeni Usita wa Mui, njia kuu ya mji, taratibu kuelekea Mkomani, asubuhi kabla punda wa mchanga hawajaziba ndia, na msitazame mlango mzima, tazameni mfaa tu, ile mbao ya katikati inayofunika maungio ya mabawa. Hapo ndipo fundi hana pa kujificha manake ni nyembamba na iko usawa wa macho. Halafu mrudi nyumbani mfungue hati moja ya Kijuma kwenye simu. Msisome. Igeuzeni simu ilale, tazameni zile nafasi baina ya vipande zinavyoshuka kutoka juu mpaka chini. Mtaona mfaa.

Yule kijana nilimjibu usiku uleule, kabla sijaandika haya. Nikamwandikia si hirizi hii, ni utendi, na aliyeandika ni mtu wa hapahapa. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Mwisho akatuma sauti, anaongea kwa kunong'ona, ati Fundi kuna tatizo, mama alishaipeleka kwa kijana wa kompyuta ikapigwa chapa, keshaibandika juu ya mlango tangu Ijumaa, na jirani kweli tangu siku hiyo hajasema neno. Nikamwambia kesho mje nayo.

Wakaja baada ya alasiri, mama kaikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Nikampa kiti, nikaikunjua juu ya benchi nikaanza kuisoma kwa sauti ya utendi, si kwa kuisema. Ubeti wa kwanza alikuwa ananitazama tu. Wa pili akatazama chini. Wa tatu nikafika kipande cha nne na kabla sijakitoa nikamsikia anakitia kina yeye, kwa sauti ndogo, na kilikuwa kina chenyewe. Nikamuuliza mama, umeijuaje? Akasema hajawahi kuusikia huu, ila nyanyake alikuwa akiwasomea utendi wa Mwana Kupona wakiwa wadogo wakichambua mchele, na mahali pa kuanguka anapajua. Tukamaliza ukurasa hivyo, mimi vipande vitatu, yeye mwisho wa cha nne, mara mbili tu alikosea na mara moja nilikosea mimi.

Halafu akaichukua karatasi yake, akaikunja vilevile ilivyokuwa, akairudisha kwenye nailoni. "Ahsante, kakangu," akasema. "Nairudisha palepale juu ya mlango. Yule jirani simwamini bado."